Blogu ya Mwanafunzi wa Chuo: Jina Limesajiliwa kwa Nani?

Somo hili linamhusu mwanafunzi wa chuo aliyeanzisha blogu, au anayekusudia kuianzisha, huku akiendelea na masomo. Mwanafunzi huyo hujiona kuwa mwandishi, naye ni mwandishi kweli. Lakini siku anapolipia jina la tovuti yake anakuwa pia mtumiaji wa huduma, mwenye mkataba, haki na wajibu. Aghalabu upande huu wa pili ndio anaousahau, nao ndio unaompotezea kazi yake.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesomea kilimo mjini Morogoro anaandika kuhusu nyanya: namna ya kuotesha miche, namna ya kumtambua kantangaze kabla hajatoboa matunda, lini kupiga dawa na lini kuiacha. Wakulima wanasoma kwa simu, wanatumiana anwani ya blogu kwenye makundi ya WhatsApp, na baadhi yao wameiandika daftarini. Mwanafunzi alimlipa fundi wa tovuti fedha kwa mkupuo, akakabidhiwa blogu inayofanya kazi, wala hakuuliza zaidi. Mwaka unapita. Asubuhi moja blogu haifunguki, na fundi amebadili namba ya simu. Baada ya miezi michache anwani ile ile inafunguka tena, safari hii ikiwa imejaa matangazo ya kamari. Mkulima wa Mvomero aliyeihifadhi anwani hiyo hana namna ya kujua kwamba yule aliyemwamini hayupo tena nyuma ya jina lile.

Yawezekana hapakuwa na wizi wowote hapo. Ili kuelewa kilichotokea, hapana budi kutenganisha vitu vitatu ambavyo mwanafunzi alivinunua kana kwamba ni kimoja. Kipo jina, yaani anwani ambayo msomaji huiandika. Ipo nafasi katika kompyuta ya kampuni fulani ambamo makala na picha huhifadhiwa. Yapo pia maandishi yenyewe. Maandishi ni ya mwandishi tangu alipoyaandika, wala hayahitaji kulipiwa. Nafasi ya kuhifadhia hukodishwa, na kampuni moja ikikuudhi waweza kuhamia nyingine. Jina nalo watu wengi hudhani kuwa limenunuliwa, ilhali limekodishwa tu kwa muda. Majina yanayoishia na .com, kwa mfano, husajiliwa kwa mwaka mmoja au zaidi, mwisho miaka 10 kwa mara moja. Anayetambuliwa kuwa mwenye jina ni yule ambaye taarifa zake zimeandikwa kwa msajili, si yule aliyetoa fedha.

Fundi wetu aliandika jina lake na barua pepe yake, pengine kwa sababu tu ilikuwa rahisi zaidi. Kwa majina ya .com na mengine ya aina hiyo, kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, humtaka msajili amkumbushe mwenye jina takribani mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, na tena takribani wiki moja kabla. Mawaidha hayo yote yalimfikia fundi. Jina linapofutwa kwa kutolipiwa, hubaki siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kulikomboa, aghalabu kwa gharama kubwa kuliko ada ya kawaida. Siku hizo zikipita, jina hurudi sokoni na yeyote aweza kulisajili. Majina yanayoishia na .tz yana utaratibu wake, lakini swali la msingi halibadiliki: katika daftari la msajili, limeandikwa jina la nani?

Kwa hiyo fungua mwenyewe akaunti kwa msajili, ulipe mwenyewe, kisha umpe fundi ruhusa ya kufanya kazi yake humo. Fundi mwaminifu hatakasirika. Ikiwa jina limekwisha kusajiliwa kwa taarifa za fundi, mwombe aandike zako sasa, mngali mnaelewana, na mambo hayo yawe kwa maandishi. Fahamu kwamba jina jipya la .com kwa kawaida haliwezi kuhamishiwa kwa msajili mwingine kabla ya siku 60 tangu liliposajiliwa. Hiyo si hila ya fundi.

Wapo wanafunzi wasiotumia fundi kabisa na bado hujikuta wamefungiwa nje. Hapa twafika kwenye kosa ambalo ni la chuoni hasa. Vyuo vingi humpa mwanafunzi barua pepe inayoishia na ac.tz. Ni ya bure na ina heshima, naye huitumia kufungulia kila kitu, blogu ikiwamo. Lakini anwani hiyo ni mali ya chuo. Mwanafunzi akishahitimu, chuo chaweza kuifunga bila kumkosea mtu. Miezi kadhaa baadaye mhitimu anasahau nywila, anabofya mahali pa kuomba mpya, na mfumo unaituma nywila hiyo kwenye kisanduku ambacho hakipo tena. Maelezo yote anayoweza kumpa msajili au kampuni ya blogu hayana uthibitisho. Twashauri barua pepe ya chuo itumike kwa mambo ya chuo pekee, na blogu ifunguliwe kwa barua pepe binafsi ambayo mwanafunzi atakuwa nayo hata akiwa kazini.

Namba ya simu nayo ni ufunguo, maana ndiyo hupokea tarakimu za uthibitisho. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika, tuseme wakati wa mafunzo kwa vitendo mahali ambapo mtandao mwingine unashika vizuri zaidi, yaweza kufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Na kama laini ilisajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole vya kaka yako, kuirudisha kutamhitaji kaka.

Kuhusu gharama, tazama bei ya mwaka wa pili kabla ya kuifurahia ya mwaka wa kwanza. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hutangaza bei ya kuanzia iliyo ndogo sana, na bei ya kuhuisha huwa kubwa kuliko hiyo. Iko kwenye ukurasa ule ule, kwa maandishi madogo. Mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa elimu ya juu hupokea fedha za kujikimu kwa awamu, lile bumu mnalolijua, ilhali tarehe ya kuhuisha jina haingoji awamu. Ukiweza, sajili jina muda mfupi baada ya fedha kuingia, ili kila mwaka tarehe ikukute na kitu mfukoni. Au lipia miaka inayotosha hadi utakapohitimu. Usitegemee malipo ya kujiendesha yenyewe kama kadi unayotumia ni ya huduma ya fedha ya simu isiyo na salio, kwani malipo yatashindikana kimyakimya.

Je, si afadhali huduma ya bure? Kwa mwaka wa kwanza wa kuandika, sisi twaona inatosha kabisa. Blogger na WordPress zote humruhusu mtu kuanza bila malipo, na mwanafunzi asiyejua bado kama ataendelea hana sababu ya kutumia fedha ya chakula. Ila bure haina maana ya kudumu. Yahoo iliifunga GeoCities mwezi Oktoba 2009, na Posterous ilifungwa tarehe 30 Aprili 2013, ikiwa mikononi mwa Twitter. Waliobaki na kazi zao ni wale waliokuwa na nakala. Huduma zote mbili tulizozitaja hapo juu zina sehemu ya kupakua maandishi yote. Fanya hivyo kila mwisho wa muhula, uhifadhi kwenye flashi na mahali pengine pa pili.

Anayetaka kuchapisha habari na matukio aangalie sheria kwanza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe ada ya maombi ya shilingi 100,000 na ada ya leseni ya shilingi 1,000,000. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, kwa hiyo alichokueleza mwenzako aliyemaliza miaka mitano iliyopita huenda hakifai tena. Uliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Maandishi ya mhadhiri pia usiyapakie bila idhini yake, hata kama aliyagawa darasani bure.

Ukiwa na lalamiko dhidi ya kampuni ya hapa nchini, anza kwa kuiandikia yenyewe na utunze majibu. Isipokuridhisha, yapeleke mbele TCRA. Kampuni iliyo ng'ambo ni vigumu zaidi kuifikia, jambo linalofaa kupimwa pamoja na bei. Kwa fundi, silaha yako ni risiti na ujumbe mlioandikiana, basi usiufute.

Zoezi. Fungua sasa akaunti ambako jina la blogu yako limesajiliwa. Kama hujui ni wapi, hilo ndilo la kwanza kutafuta. Soma jina la mwenye mali, barua pepe, namba ya simu na tarehe ya kuisha, uviandike daftarini. Kisha jibu: tarehe hiyo ikifika utakuwa mwaka wa ngapi wa masomo, na ujumbe wa kukukumbusha utaingia kwenye kisanduku cha nani?