Africa Twin ya kabureta au ya skrini? Yatazame haya kabla hujalipa

Muuzaji mjanja wa pikipiki kuukuu huiwasha kabla hujafika. Unaikuta inanguruma vizuri, unafurahi, bei inapanda. Kwa hiyo mwambie mapema aiache baridi, na ukifika weka kiganja karibu na injini hata kabla salamu hazijaisha. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa, na mara nyingi ni ugumu wa kuwaka asubuhi.

Nimeanzia hapo kwa sababu anayetaka pikipiki ya safari ndefu huuliza kwanza, "Ninunue Africa Twin ya zamani au mpya?" kana kwamba ziko mbili tu. Ukweli ni kwamba jina hilo la Honda limebebwa na mashine tatu zisizofanana. Ya kwanza ni ile yenye silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V: XRV650 ya mwaka 1988, kisha XRV750 iliyoanza 1990 na kutengenezwa hadi 2003. Ilizaliwa wakati Honda ikishinda mbio za Paris–Dakar miaka minne mfululizo, 1986 hadi 1989, kwa pikipiki ya mashindano ya NXR750. Baada yake jina likalala. Likarudi mwaka 2016 na CRF1000L, injini mpya kabisa yenye silinda mbili sambamba. Mwaka 2020 ikaja CRF1100L, ya sentimita za ujazo 1,084, yenye skrini ya kugusa na vihisi vinavyojua pikipiki imelala kiasi gani kwenye kona.

Usiulize ipi ni bora. Uliza ipi ikiharibika utaweza kuitengeneza mahali unapokwenda. Anayezunguka Dar es Salaam, Morogoro na Iringa hana shida sawa na anayeelekea Turkana.

Tuanze na mzee. XRV750 inatumia kabureta, na fundi yeyote aliyekulia kwenye bodaboda anaijua kabureta kama kiganja chake. Ataifungua, ataisafisha kwa petroli, atapuliza jeti kwa mdomo, utaondoka. Hilo ndilo linalofanya watu waipende, na wana haki. Ila kabureta hairekebishi chochote yenyewe. Ukipanda kutoka Mombasa hadi Limuru, hewa inakuwa nyepesi lakini petroli inaingia ileile. Injini inazembea, plagi zinakuwa nyeusi, na tanki linakauka mapema. Pikipiki yenye sindano za mafuta hulirekebisha jambo hilo bila wewe kujua.

Magonjwa ya mzee yanajulikana, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mnunuzi. La kwanza ni pampu ya mafuta. Ndani yake kuna vidude viwili vya kugusana kupitisha umeme, na vikiungua pampu inakufa ghafla katikati ya safari. Wamiliki wa pikipiki hii huigonga kwa mpini wa bisibisi, ikaamka, wakafika nyumbani. Wengine wameitoa kabisa na kuacha mafuta yateremke yenyewe kutoka kwenye tanki, ila ukifanya hivyo mafuta ya mwisho hayatakufikia, kwa sababu sehemu ya chini ya tanki iko chini ya kabureta. Muulize muuzaji pampu iliyopo ni ya asili au imebadilishwa. Akisema "haijawahi kusumbua", jiandae kununua nyingine.

La pili ni kidhibiti chaji, kile kifaa kinachogawa umeme kwa betri. Hapa usimsikilize mtu, pima. Chukua kipimo cha umeme, kiguse kwenye vichwa vya betri, mwambie mtu avute mafuta kiasi. Namba ikikaa kati ya volti 13.5 na 14.5, hali ni njema. Ikipanda kupita 15, betri inachemshwa. Ikibaki 12, haichaji kitu na utasimama njiani kabla ya jua kuzama. Kazi hiyo inachukua dakika mbili, na nimeshangaa mara nyingi kuona mtu anatoa mamilioni bila kuifanya.

Sasa CRF1000L. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo ningemshauri msomaji wa kawaida aitafute. Ina gia sita dhidi ya tano za mzee, breki za ABS, na swichi ya kuzima ABS ya gurudumu la nyuma ukiingia kwenye mchanga. Tanki lake ni lita 18.8, dogo kuliko lita 23 za XRV750, lakini injini inakula kidogo, kwa hiyo umbali haupishani sana. Ile ya Adventure Sports iliyotoka 2018 ina tanki la lita 24.2, na kwa anayetoka Isiolo kwenda Moyale, karibu kilomita 500, tofauti hiyo inampa usingizi. Ila kaa juu yake kwanza: kiti cha Adventure Sports ya 2018 na 2019 kiko sentimita 90 hadi 92 kutoka ardhini. Ukiwa na urefu wa kawaida utasimama kwa ncha ya vidole, huku chini yako kuna zaidi ya kilo 240. Kuiangusha kwenye kokoto ni jambo la siku tu.

Tafuta ya 2018 au 2019 kuliko za miaka miwili ya mwanzo. Spoku za mwanzo zinashika kutu, hasa pikipiki ikitoka nchi wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, au ikiwa imeishi pwani. Za 2018 zimewekwa spoku za chuma kisichoshika kutu. Pinda goti, pitisha kitambaa cheupe kwenye spoku zote za nyuma; kikitoka rangi ya chai, omba punguzo la kujenga gurudumu upya.

Kuna pia zenye gia za kujibadilisha, ambazo Honda huziita DCT. Mjini ni raha tupu, kwenye foleni za Nairobi mkono wa kushoto hauchoki. Lakini haina klachi ya kuvuta, na betri ikifa huwezi kuisukuma iwake. Anayesafiri peke yake kaskazini ya mbali alifikirie hilo kabla ya kuvutiwa. Ina uzito wa kilo 10 zaidi pia.

Usisahau vichujio vya hewa. CRF1000L ina viwili, kulia na kushoto, na vumbi la barabara zetu halichagui upande. Mafundi wengine hubadilisha kimoja wakaona kazi imekwisha. Fungua vyote viwili.

Kuhusu CRF1100L sitasema mengi. Ina nguvu zaidi, ni salama zaidi kwenye lami yenye mvua, na kifaa cha kushikilia mwendo kwenye barabara ndefu kinapumzisha kifundo cha mkono. Kama una pesa na njia zako ni lami, inunue. Kwa anayeingia porini, skrini ya inchi 6.5 ni kitu kimoja zaidi cha kuvunjika, na spea yake haitapatikana kwenye duka la spea za bodaboda.

Jambo moja linazigusa zote tatu: tairi. XRV750, CRF1000L na CRF1100L ya kawaida ya mwanzo zina tyubu ndani, na miiba ya migunga haina huruma. Fundi pancha utampata kila kijiji, lakini tyubu ya ukubwa wako hana; zake ni za Boxer na TVS. Beba tyubu ya mbele ya inchi 21, kwani kwa dharura hukubali kukunjwa ikaingia nyuma, wakati ya nyuma haitaingia mbele. Adventure Sports ya 2020 haina tyubu, na pancha yake inazibwa kwa kizibo bila kufungua gurudumu. Nikilinganisha vyote vya kisasa vilivyoongezwa, hicho ndicho ningelipia kwa moyo mweupe.

Sasa, uagize kutoka wapi? Wanunuzi wa magari huangalia Japani na Uingereza kwa sababu ya usukani wa kulia. Pikipiki haina kulia, hivyo unaweza kuagiza kutoka Ujerumani au Ufaransa, mradi ubadilishe taa ya mbele inayomulika upande wa kulia wa barabara. Ikitoka Uingereza, tazama kama saa ya mwendo inahesabu maili: 50,000 inayoonekana nafuu ni kilomita 80,000.

Halafu omba funguo zote mbili. Funguo za CRF zina chipu inayozungumza na injini, na bila chipu hiyo pikipiki haiwaki. Ufunguo wa XRV750 ni chuma tupu. Ukiupoteza Lodwar, fundi wa kuchonga funguo sokoni anaweza kukutoa. Ukipoteza ufunguo wa pekee wa CRF, utaingia Nairobi pikipiki ikiwa juu ya lori.