Amplifaya ya Mtumba na Risiva ya Nyumbani

Swali: Amplifaya ya mtumba huunganishwaje na risiva?

Jibu: Nyuma ya baadhi ya risiva kuna matundu mawili yaliyoandikwa PRE OUT: jekundu la kulia, jeupe la kushoto. Vyombo vikiwa vimezimwa, waya wa RCA hutoka hapo hadi INPUT ya amplifaya. Matundu ya spika ya risiva hayaunganishwi kamwe moja kwa moja na INPUT hiyo, kwani umeme wake ni mkubwa mno na huweza kuiunguza. Risiva isiyo na PRE OUT huhitaji kifaa cha kuupunguza umeme huo wa matundu ya spika kabla haujafika INPUT. Kabla ya spika kufungwa, amplifaya iliyokwishatumika hupimwa kwa mita: volti za DC kwenye matundu ya spika zikizidi 0.1, ipelekwe kwa fundi. Risiva hutangulia kuwashwa, amplifaya hutangulia kuzimwa. Vinginevyo spika hutoa kishindo.