SOMO: MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI



Mwezi uliopita wadogo wa mwaka wa pili waliniuliza ulizo moja nyuma ya kalasi: «Kapita, ukimaliza Exetat utafanya nini?» Nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Sisi wafinalisti wengi tunajua njia tatu tu: kwenda chuo kikuu kama wazazi wako na dola, kwenda kuchimba zahabu, ao kukaa nyumbani. Siku hizi redio inaongeza njia ya ine: kuanzisha kampuni changa, ile wanaita startapu. Nimeona vizuri tujifunze jambo hili pamoja, maana wengi wanalisifu bila kulielewa, na mimi mwenyewe nilijaribu kitu cha namna hiyo nikaanguka.

1. Kampuni changa ni nini?

Mama anayeuza ndizi sokoni anafanya biashara, na tunamuheshimu. Lakini akitaka kuuza mara kumi, anahitaji ndizi mara kumi na wabebaji mara kumi. Kampuni changa ni tofauti kidogo. Ni watu wachache wanaotafuta jibu jipya kwa shida ya watu wengi. Jibu lile likikubaliwa, linaweza kufikia watu elfu bila gharama kuongezeka kwa kipimo kile kile. Aliyetengeneza programu ya simu, kazi yake ya kuitengeneza ni ile ile, wateja wakiwa kumi ao elfu kumi.

Sasa, kampuni kama hiyo haioti peke yake. Ni sawa na muti wa avoka: mbegu inaweza kuwa nzuri, lakini bila udongo, maji na jua hautaona tunda. Udongo wa kampuni changa ni vitu vitano: shida ya kweli, njia ya kulipana, mutaji, sheria, na uaminifu kati ya watu. Vile vyote pamoja ndivyo wataalamu wanaita mazingira ya kampuni changa.

2. Mufano wa Kenya

Wote munajua M-Pesa. Lakini ni wangapi wanajua namna ilivyoanza? Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ilifanya jaribio kule Kenya kwa wateja wachache. Serikali ya Uingereza ilitoa karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaongeza yake. Kusudi lilikuwa hili: watu waliokopa pesa kidogo waweze kulipa mukopo wao kwa simu.

Basi, watengenezaji walichungulia wateja wanafanya nini, wakashangaa. Watu walikuwa wanatumiana pesa wao kwa wao, muji kwa kijiji, mutoto kwa muzazi. Shida ya kweli haikuwa ile waliyoifikiri katika biro. Hawakukaza shingo. Waligeuza kazi yao, na Machi 2007 M-Pesa ilipotangazwa kwa watu wote, neno kubwa lilikuwa kutuma pesa nyumbani. Kwetu Kongo ilifika mwaka 2012.

Tukumbuke pia kwamba hawakujenga biro mpya kila fasi. Walitumia wenye butiki ndogo waliokuwa wanauza vocha za simu. Mutu alimuamini mwenye butiki wa karibu, ndipo akaamini simu. Ni kusema uaminifu ulikuwako mbele, mashini ikaja nyuma.

3. Na kwetu Kongo?

Tuko na mufano wa watu wa jimbo letu. Washikala Malango na Iongwa Mashangao ni wenyeji wa Kivu ya Kusini. Walipokuwa watoto walikimbia vita na kuishi katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Walijua maana ya kusoma usiku kwa taa ya petroli: moshi, macho yanauma, na petroli inakula pesa ya chakula. Mwaka 2013 walianzisha Altech, kampuni ya kuuza taa za jua na majiko yasiyokula makaa mengi. Hawakuhitaji kutafuta shida katika kitabu. Walikuwa wameiishi.

Sasa muone namna kitu kimoja kinavyosimama juu ya kingine. Watu wengi hawawezi kununua chombo cha jua kwa mara moja. Kwa hiyo katika biashara hii wauzaji wengi wanatumia njia ya kulipa kidogo kidogo kwa simu: unatoa pesa ya kuanzia, unapeleka taa nyumbani, kisha unalipa kila juma ao kila mwezi. Usipolipa, chombo kinajifunga. Ukimaliza, ni chako. Kama pesa ya simu isingekuwako, nani angezunguka milima yote hii kukusanya franga 1,000 kwa kila nyumba? Taa inasimama juu ya simu, simu juu ya mwenye kibanda, na mwenye kibanda juu ya noti alizo nazo katika sanduku.

Hili la noti tulilijua vizuri mwaka 2025. Mwezi wa pili, vita ilipofika Bukavu na muji ukaingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango. Namba zilikuwako katika simu, lakini noti zilikuwa adimu, na mwenye noti ndiye aliyepanga bei. Tulijifunza kwamba sehemu moja ya udongo ikikauka, muti wote unanyauka.

4. Sheria

Tunisia ilitunga sheria ya kampuni changa mwaka 2018, Senegal mwaka 2019. Nchi yetu ilipata yake kwa amri-sheria namba 22/030 ya tarehe 8 Septemba 2022, juu ya kuinua ujasiriamali na kampuni changa. Ni hatua nzuri, lakini karatasi peke yake haiwashi taa.

Iko sheria ingine ambayo wengi wetu hatuijui. Mwaka 2012 Kongo iliingia katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria ile inakubali mutu mudogo ajitangaze kuwa «entreprenant», ni kusema mufanyabiashara mudogo, kwa njia rahisi kuliko ile ya kampuni kubwa. Na inamuomba nini? Daftari. Siku kwa siku aandike pesa iliyoingia na iliyotoka. Hapo wazee wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Makosa yangu

Sasa niseme yangu, ingawa ni kwa haya. Mimi na mwenzangu tuliona kwamba katika senta yetu watu wengi hawana fasi ya kuchaji simu. Mujomba alituazima panneau ya jua. Mama yangu aliomba mukopo wa dola 60 katika MUSO yao, tukanunua betri ya gari na nyuzi. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu 2,800 franga, basi deni lilikuwa 168,000 franga, la kulipwa katika miezi sita.

Wateja walikuja. Kila simu ilikuwa 500 franga. Tuliitwa «wakubwa wa umeme», na tulifurahi sana. Jioni tuligawana pesa yote, tukala mikate ya mafuta, tukanunua vocha. Mwezi wa ine betri ikakufa. Nimejifunza nyuma kwamba betri ya gari haipendi kumalizwa kila siku. Hatukuwa na hata franga moja ya kununua ingine, na deni lilikuwa bado lote. Mama hakunipiga wala hakunitukana. Aliuza mbuzi wake, akalipa MUSO, maana hakutaka kupoteza jina lake mbele ya wamama wenzake.

Nimefanya hesabu hii nyuma, kwa kukumbuka tu, sababu hatukuandika hata siku moja:

Simu 8 kwa siku × 500 = 4,000 franga
Siku 26 kwa mwezi = 104,000 franga
Miezi 4 = 416,000 franga
Tuondoe deni: 168,000
Tuondoe betri mupya: 168,000
Ingebaki: 80,000 franga

Ni kusema tungelipa mama, tungenunua betri ingine, na kila mumoja wetu angepata 40,000. Shida ilikuwa ya kweli, wateja walikuwako, mutaji ulipatikana. Uaminifu nao ulikuwako, lakini ulikuwa wa mama, si wetu. Sisi tuliula pamoja na mikate ya mafuta.

Watu wanapenda kusema juu ya Artikle 15, «débrouillez-vous», jitafutie mwenyewe. Wakongo tunaijua kuliko shule. Lakini kujitafutia kunamaliza leo. Daftari ndiyo inayofikiri kesho.

6. Jibu langu

Wadogo zangu, ulizo lenu ninalijibu sasa. Sijui kama nitapata chuo kikuu. Lakini nikianza kazi ingine, sitaanza na mashini. Nitauliza kwanza watu wanalipia nini leo na kinawaumiza wapi. Nitaanza na kidogo, na nitabadilisha kazi kama wateja wanaonyesha njia ingine. Na pesa ya kazi haitaingia katika mufuko wangu mbele ya kuingia katika daftari.

Daftari lenyewe nimekwisha kulinunua. Katika ukurasa wa kwanza nimeandika: Deni kwa mama, mbuzi mumoja.

Maulizo ya kujibu katika kalasi

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya biashara ya sokoni na kampuni changa.
2. Watengenezaji wa M-Pesa waligeuza kazi yao juu ya nini?
3. Taja shida moja ya Nyangezi ambayo watu wanailipia kila juma. Wanalipa kiasi gani?
4. Rudia hesabu ya betri kama simu zingekuwa 5 tu kwa siku. Je, tungeweza kulipa deni na kununua betri katika miezi 4? Onyesha kazi yako.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho