Kutoka Tunduma Kwenda Kusikiliza Mhadhara: Kwanza Tazama Saa

Kabla hujapanga safari yoyote ukiwa Tunduma, tazama saa ya simu yako. Mji huu umepakana na Nakonde ya Zambia, na wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikidaka mnara wa Zambia hujirudisha nyuma yenyewe; unaamka ukidhani ni saa kumi na mbili, kumbe watu wameshafika saa moja. Zima saa ya kujirekebisha, weka ya Tanzania kwa mkono, ulale.

Nasema hivyo kwa sababu anayetaka mihadhara, midahalo na maonesho ya chuo kikuu itambidi aamke alfajiri. Tunduma ni mji wa mpaka: malori, mahindi, wabadilisha kwacha. Vyuo vikuu viko Mbeya, kilomita 100 na ushee kwa barabara kuu ya Tanzam. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kuharakisha uvukaji, lakini foleni ya malori bado inaweza kukula nusu ya asubuhi. Panda Coaster ya mapema, na ubebe sweta. Mwezi wa sita na wa saba Mbeya haina utani na mtu wa kaptula.

Ukiwa na siku moja tu, nenda Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho wote wanakiita MUST. Kiko Iyunga, upande wa jiji unaoufikia kwanza ukitokea Tunduma, kwa hiyo usikubali kupitilizwa hadi Mwanjelwa. Kilianza 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, na asili hiyo haijafutika: maonesho yake hunoga pale mwanafunzi anaposimama kando ya mashine aliyoiunda na kukueleza kwa nini jana iligoma. Muulize hilo hasa. Utajifunza zaidi ya yaliyoandikwa kwenye bango. Mzumbe wana kampasi yao Forest, na Teofilo Kisanji, chuo cha Wamoraviani, kiko Block T. Huko tegemea zaidi mazungumzo ya biashara, sheria na ualimu.

Usitafute kalenda moja ya vyuo vyote, hutaipata. Tazama kurasa za vyuo, soma mabango ya getini, au muulize mwanafunzi kwenye daladala. Huyo ndiye mwenye habari za leo. Mwaka wa masomo huanza kati ya Oktoba na Novemba, na ukija Septemba utakuta nyasi na walinzi. Tarehe za kukumbuka ni Oktoba 14, kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambayo huzaa makongamano nchini kote, na Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza 2022. Mwanzoni mwa Agosti, vyuo hupeleka mabanda yao kwenye Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, na kwa mgeni asiyejua mtu chuoni naona huo ndio mlango mwepesi kuliko yote.

Getini utaulizwa kitambulisho na unakokwenda. Taja tukio na ukumbi. "Natembea tu" ni jibu baya. Ratiba ikisema saa tatu, fika saa tatu, ila ujue shughuli huanza mgeni rasmi akifika, na salamu za meza kuu huchukua muda hata baada ya mtu kutangaza kwamba itifaki imezingatiwa. Vyuo vyetu hufundisha kwa Kiingereza, hivyo mhadhara unaweza kuwa wa lugha hiyo, lakini maswali yakianza Kiswahili hurudi kwa nguvu. Ukipewa maiki, taja jina na utokako, uliza swali moja, ukae. Mahafali ni habari nyingine: ndani ni kwa kadi, ila nje, kwenye mashada na majoho, kuna sherehe nzima ya bure.

Ikiwa umelala Mbeya, na nakushauri ulale kuliko kusafiri usiku katikati ya malori, basi wakati wa kurudi pitia Kimondo cha Mbozi katika kilima cha Marengi. Ni chuma cha kutoka angani, takriban tani 16, urefu kama mita tatu. Kilijulikana kwa wageni 1930, kikiwa kimechomoza juu tu; udongo wa pembeni ukachimbwa, wa chini ukaachwa kama nguzo na kuimarishwa kwa zege, ndiyo maana leo kinaonekana kimepandishwa jukwaani. Kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kama unaweza kuchagua siku, Juni 30 ndiyo Siku ya Kimataifa ya Asteroidi. Kutoka lami kuna kipande cha barabara ya vumbi. Patana na bodaboda akusubiri na kukurudisha, kwa sababu huko ndani hakuna stendi.