SOMO: KIJANA ALIYECHOKA KUISHI
Soma: 1 Wafalme 19:1-8

Wapendwa, Eliya alichoka akaomba afe. Malaika hakumkemea, alimlisha, akamwacha alale tena.

Vijana wetu wa Kisukuma hutoka Shinyanga kwenda machimbo ya dhahabu Geita. Nyumbani wana ukoo, na wenzao wa ngoma, Bagika au Bagalu. Duarani, akikosa dhahabu na kubaki na deni, kijana huona haya kurudi.

Basi tumwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Tusimwache peke yake, tumfikishe hospitali. Dawa ya wadudu wa pamba tuifungie kwa kufuli. Tena tumwite nyumbani, hata mikono mitupu: yeye ni wetu bila dhahabu.

Maswali:
1. Nani wa kwetu yuko machimboni?
2. Tulimjulia hali lini?