Kabla Jua Halijamegwa: Somo la Anga na Usalama wa Macho kwa Shule za Kibondo na Kasulu

Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipatwa. Njia ya kupatwa huko ilivuka nchi yetu upande wa kusini-magharibi, na wakazi wa Rujewa, mkoani Mbeya, waliona pete kamili ya mwanga ikiuzunguka mwezi. Sisi tuliokuwa katika nyanda za juu za Kigoma tuliona jua likifunikwa sehemu kubwa, lakini si lote.

Siku nne baadaye, katika kliniki ya mkoba ya macho wilayani Kasulu, nilimpokea mwanafunzi wa darasa la sita aliyeletwa na baba yake. Mtoto aliniamkia, akaketi, kisha akaeleza jambo moja kwa maneno machache: kila alipotazama neno ubaoni, herufi ya katikati haikuwapo. Alipohamisha macho, doa lile lilihama pamoja naye. Jua alikuwa amelitazama kupitia kipande cha filamu ya eksirei ya kifua cha babu yake. Aliyewaambia watoto kwamba filamu hiyo inatosha kukinga macho alikuwa mtumishi wa afya, yaani mmoja wetu.

Nilipomaliza kumpima, baba aliniuliza, "Daktari, siku hii ilijulikana kabla?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Ilijulikana miaka mingi kabla." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi mbona sisi hatukuambiwa?"

Somo hili ni jaribio la kulijibu swali hilo kabla halijaulizwa tena.

Malengo ya somo

Msomaji akimaliza somo hili ataweza: kueleza jinsi jua linavyoumiza jicho, kutumia nyenzo za sayansi ya anga zipatikanazo bure mtandaoni kutambua siku na saa ya kupatwa kwa jua mahali alipo, kuendesha kipindi salama shuleni hata pasipo intaneti, na kumhudumia mgonjwa aliyekwisha kulitazama jua.

Jua linavyoumiza jicho

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Kupatwa kwa jua hakuzalishi mionzi mipya. Mama mjamzito, mtoto mchanga na mifugo hawadhuriki kwa kuwa nje siku hiyo. Jua la siku ya kupatwa ni lile lile la jana na la kesho. Kinachobadilika ni tabia yetu. Siku nyingine hakuna anayelikodolea jua macho, lakini siku hiyo kila mtu anataka kulitazama.

Lenzi ya jicho hukusanya mwanga na kuutupa juu ya retina, utando ulioko nyuma ya jicho. Mtu akilitazama jua, mwanga huo hulenga kitovu cha retina, sehemu ndogo tunayoitumia kusomea, kutunga uzi kwenye sindano na kuzitambua nyuso za watu. Madhara yake hutokana hasa na mabadiliko ya kikemikali yanayosababishwa na mwanga mkali ndani ya chembe za retina. Retina haina neva za maumivu, kwa hiyo mtoto huendelea kutazama bila kuhisi lolote. Dalili huanza saa kadhaa baadaye, na mara nyingi hugunduliwa asubuhi ya siku ya pili: doa katikati ya uoni, ukungu, mistari iliyonyooka kuonekana imepinda, au rangi kubadilika. Watoto wako hatarini zaidi, kwa kuwa lenzi zao bado ni angavu na hupitisha mwanga mwingi kuliko za watu wazima.

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuponya jeraha hili. Wagonjwa wengi hupata nafuu wenyewe ndani ya miezi mitatu hadi sita, lakini wengine hubaki na doa la kudumu. Baada ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 11 Agosti 1999 huko Uingereza, watu 45 walifika katika hospitali moja ya mji wa Leicester wakilalamikia macho. Wengi walipona, ila wachache waliendelea kuiona alama ya jeraha lao miezi kadhaa baadaye. Mwanafunzi wetu wa Kasulu alipona jicho la kulia. Katika jicho la kushoto doa dogo lilibaki.

Siku inayokuja

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa tena. Kivuli kamili cha mwezi kitapita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor, nchini Misri, giza kamili litadumu zaidi ya dakika sita, yapata saa saba mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Sisi tutakuwa nje ya njia hiyo. Kutoka Kibondo na Kasulu, jua litaonekana limemegwa kidogo tu.

Neno "kidogo" lisitudanganye. Sehemu ya jua itakayobaki wazi itakuwa na ukali ule ule wa kila siku. Mahali ambapo jua halifunikwi lote, hakuna hata dakika moja iliyo salama kulitazama kwa macho matupu. Aidha, mwezi wa Agosti ni kiangazi katika nyanda zetu. Mawingu huwa machache, na moshi wa kuchoma mashamba huweza kulipunguzia jua mng'ao likaonekana jekundu na pole. Jua la namna hiyo humshawishi mtoto kulitazama kwa muda mrefu zaidi.

Nyenzo za mtandaoni na matumizi yake

Zamani taarifa za anga zilibaki kwa wanajimu na vyuo vikuu. Leo mwalimu mwenye simu moja ya kisasa anaweza kuzipata bure, na nyenzo tatu zinamtosha.

Ya kwanza ni ramani za kupatwa kwa jua zinazotolewa na NASA, shirika la anga la Marekani. Ramani hizi huonyesha njia ya kivuli kwa miaka mingi ijayo. Mwalimu azipakue akiwa mahali penye mtandao mzuri, azihifadhi katika simu, kisha azichore ubaoni au kwenye karatasi ya manila.

Ya pili ni Stellarium, programu ya bure ya kompyuta inayochora anga la mahali popote kwa tarehe yoyote. Ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Mwalimu aingize majira ya nukta ya Kibondo, takriban nyuzi 3.6 kusini na 30.7 mashariki, kisha tarehe 2 Agosti 2027, na kusogeza saa polepole. Darasa litaona mwezi ukilimega jua. Kisha aingize Kasulu, takriban nyuzi 4.6 kusini na 30.1 mashariki, na kuwauliza wanafunzi: ni wapi jua litamegwa zaidi, na kwa nini? Watagundua kwamba ni Kibondo, kwa kuwa safari hii kivuli kinapita mbali kaskazini. Wakirudisha tarehe hadi 1 Septemba 2016 jibu litageuka, kwa kuwa wakati ule kivuli kilipita kusini. Mwanafunzi aliyelithibitisha hilo mwenyewe hatahitaji kuambiwa tena kwamba kupatwa kwa jua ni jiometri.

Ya tatu ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambamo vitabu vya kiada vya sayansi na jiografia husomwa. Humo mwalimu ataoanisha kipindi hiki na mada za mtaala, ili kisiwe burudani ya siku moja.

Ni haki pia kuwakumbuka waliotutangulia. Katika kuelekea kupatwa kwa mwaka 2016, Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alifanya kazi kubwa ya kuuelimisha umma kuhusu anga na namna salama ya kulitazama jua. Elimu ilikuwapo. Ilichokosa ni mtu wa kuibeba kutoka mtandaoni na magazetini hadi darasani Heru Juu au Kabanga. Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu, na anaweza kuwa muuguzi wa zahanati ya jirani.

Kipindi cha vitendo pasipo intaneti

Vifaa: karatasi ngumu ya boksi, kipande cha karatasi ya alumini, sindano, karatasi nyeupe, rula na kipimo cha mita.

Kata tundu la mraba katikati ya boksi, libandike alumini, kisha uitoboe alumini kwa ncha ya sindano. Wanafunzi walipe jua mgongo. Mmoja ashike boksi juu ya bega ili mwanga upite katika kitundu na kuangukia karatasi nyeupe. Duara dogo la mwanga litakalotokea si umbo la kitundu, bali ni taswira ya jua lenyewe. Siku ya kupatwa, duara hilo litaonekana limemegwa. Ni mwiko kulichungulia jua kupitia kitundu: tunaitazama karatasi, hatulitazami jua.

Zoezi hili lifanywe siku yoyote ya jua kama maandalizi. Umbali kutoka kitundu hadi karatasi, ukipimwa kwa kufuata mwale, ukiwa mita 1, taswira itakuwa na kipenyo cha takriban milimita 9. Ukiwa mita 2, kipenyo kitakaribia sentimita 1.9. Umbali wa jua ni takriban kilomita milioni 150. Kwa uwiano huo huo, mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataweza kukokotoa kipenyo cha jua na kupata karibu kilomita milioni 1.4. Ataipata hesabu hiyo kwa boksi na sindano, huku macho yake yakiwa salama.

Hata boksi lisipokuwapo, mti upo. Mianya kati ya majani ya mwembe hufanya kazi ya vitundu, na chini yake ardhi hujaa taswira za jua. Katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Nduta, wilayani Kibondo, yamekuwapo madarasa yaliyofundishwa chini ya miti. Kwa somo hili moja, darasa la chini ya mti ndilo lenye maabara bora.

Vikinga visivyofaa

Filamu za eksirei hazifai. Picha ya kifua ni nyeusi penye mapafu na angavu penye mifupa, hivyo haikingi kwa usawa. Zaidi ya hayo, kupunguza mng'ao siyo sawa na kuzuia madhara. Nawasihi watumishi wenzangu: tusigawe filamu za zamani kwa ajili hiyo, na tusikubali zikatwe vipande mbele yetu.

Beseni la maji nalo halifai, ingawa limezoeleka. Maji huakisi takriban sehemu 2 kati ya 100 za mwanga wa jua lililo juu angani. Kikinga kilichotimiza kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2 hupitisha sehemu zisizozidi takriban 3 kati ya 100,000. Jua la ndani ya beseni, kwa hiyo, lina ukali wa zaidi ya mara mia sita ya ule unaoruhusiwa. Kioo kilichopakwa masizi, miwani ya jua ya kawaida, hata ikivaliwa miwili kwa pamoja, kamera na darubini isiyo na kichujio maalumu, vyote visitumike. Kioo cha mchomelea vyuma kinafaa endapo tu ni cha namba 12 hadi 14.

Mgonjwa akifika kituoni

Muulize alitazama lini, kwa muda gani na kwa kikinga gani. Pima uwezo wa kuona wa kila jicho peke yake kwa chati. Kisha chukua ukurasa wa daftari la hesabu lenye vijisanduku, weka nukta katikati, na umwombe aitazame kwa jicho moja akiwa ameufunika mkono juu ya jingine. Muulize kama mistari imepinda au kuna sehemu iliyopotea. Rudia kwa jicho la pili na uandike majibu.

Usimpe dawa ya matone yenye steroidi ili tu aondoke na kitu mkononi. Mpe rufaa kwa mtaalamu wa macho, mweleze kwamba nafuu huja taratibu, na umwandikie mwalimu wake kuomba mtoto aketi mbele. Mgonjwa mwenye doa katikati ya uoni si mvivu wa kusoma.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtoto haumwi wakati retina yake inaumia?
2. Kwa nini jua lililomegwa kidogo ni la hatari sawa na jua zima?
3. Kati ya Kibondo na Kasulu, ni wapi jua litamegwa zaidi tarehe 2 Agosti 2027? Thibitisha kwa ramani.
4. Katika kituo chako, ni nani atakayezungumza na shule ya jirani, na lini?

Swali la nne ndilo zito. Matatu ya kwanza yanajibiwa kwa simu na sindano, lakini hilo linahitaji mtu mwenye jina na tarehe. Msomaji, liandike jina hilo leo katika ratiba ya elimu ya afya ya kituo chako, ili mzazi atakapouliza kama siku ile ilijulikana, uweze kumjibu kwamba ilijulikana, na mwanawe aliambiwa.