Neva ya uso inapouma: maswali na majibu kuhusu pensheni ya ulemavu

Neuralgia ya trijemina ni ugonjwa gani, na inahusianaje na CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii wa Kongo (DRC)?

Trijemina ni neva ya tano kati ya jozi 12 zinazotoka kichwani. Ina matawi 3, nayo hupeleka hisia za paji la uso, shavu na taya. Mara nyingi mshipa wa damu huigandamiza pale inapoungana na shina la ubongo, ganda lake likachakaa. Tangu hapo jambo dogo kabisa, kama kutafuna, kusema, kunawa uso au kupigwa na upepo juu ya pikipiki, huamsha maumivu ya kushtua kama umeme upande mmoja wa uso. Shambulio moja halizidi dakika 2, lakini laweza kurudi mara nyingi kwa siku. Kwa kuwa maumivu hukaa tayani, wagonjwa wengi hung'olewa meno mazima kabla ugonjwa haujatajwa jina. Huwapata zaidi wanawake, na zaidi baada ya miaka 50, umri ambao mtu bado analisha nyumba na kustaafu hakujafika. Mshahara ukikatika hapo, swali la pensheni halikwepeki.

Sheria inamwahidi nini mfanyakazi wa Kisangani?

Hatua ya kwanza iko kwa mwajiri. Kwa Kanuni ya Kazi ya 2002, mkataba husimama mfanyakazi anapougua, naye huendelea kulipwa theluthi 2 za mshahara, na matibabu yake ni juu ya mwajiri. Akikaa miezi 6 mfululizo bila kuweza kazi, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba. Hatua ya pili iko CNSS, mrithi wa INSS ya 1961. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inampa pensheni ya ulemavu mtu aliyechangia muda unaotakiwa, kisha ugonjwa usio wa kazini ukampunguzia uwezo kwa kudumu, hata asiweze kupata zaidi ya theluthi 1 ya kipato cha mwenye ujuzi kama wake. Hoja yangu yote inasimama juu ya kipimo hicho. Sheria inauliza mtu amebakiwa na uwezo gani wa kujipatia riziki; haiulizi analia kiasi gani usiku. Faili linaloeleza uchungu peke yake litaamsha huruma na kurudishwa. Faili linaloonyesha, kwa tarehe, kazi zipi haziwezekani tena, lina nguvu ya kisheria.

Je, kama picha ya kichwa haionyeshi kitu?

Hili ndilo pingamizi linalowakatisha tamaa wengi, nalo halina msingi wa kitabibu. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa na uchunguzi wa daktari: maumivu yako upande gani, kwenye tawi lipi, huchukua muda gani, huamshwa na nini. Kipimo cha MRI husaidia kutafuta uvimbe, ugonjwa mwingine wa neva, au mshipa unaogandamiza. Wapo watu ambao mshipa umegusa neva yao na hawaumwi, na wapo wanaoumwa ilhali picha ni safi. Kwa hiyo ushahidi mzito ni ripoti ya daktari anayemfuatilia mgonjwa, awe Kliniki za Chuo Kikuu cha Kisangani au Hospitali Kuu ya Rufaa ya Makiso. Ripoti itaje ugonjwa kwa namba yake ya kimataifa, G50.0, pamoja na dawa na vipimo vyake, madhara yaliyoonekana, uzito uliopungua kwa kuogopa kula, na siku za kazi zilizopotea. Kisha iunganishe kila dalili na kazi yenyewe. Mwalimu ambaye kusema kunaamsha shambulio hawezi kufundisha. Karani ambaye hasemi sana huenda akaweza. Ugonjwa ni ule ule, hukumu ni tofauti, na ni haki iwe hivyo.

Shambulio ni la dakika 2, na dawa ipo. Kwa nini mtu asifanye kazi?

Swali hili ni la haki, na linastahili jibu la kweli: wengi wanaweza. Tangu 1962, daktari Blom alipoitumia kwa ugonjwa huu, karbamazepini imewapa nafuu wagonjwa wengi, na wapo wanaopata vipindi virefu bila maumivu. Mtu wa namna hiyo hana hoja ya pensheni. Lakini kuhesabu dakika za shambulio ni kupima vibaya. Anayesimamia mashine au kuendesha gari huzuiwa na kutojua shambulio litakuja lini. Dawa nayo huleta usingizi na kizunguzungu, hasa dozi inapopandishwa, na yaweza kushusha chumvi ya damu. Upasuaji wa kuutenga mshipa na neva upo, ila unadai daktari bingwa wa ubongo, vifaa na fedha. Tiba isiyoweza kufikiwa isihesabiwe kama tiba iliyokataliwa. Wanaohofia udanganyifu nao wajibiwe kwa rekodi hizo hizo: ni vigumu kughushi miezi ya maandishi ya zahanati, maagizo ya dawa na barua za mwajiri zinazokubaliana. Madaktari wa CNSS waruhusiwe kumpima tena mgonjwa baada ya muda. Mdai mkweli hapotezi kitu.

Na wale ambao njia hii haiwahusu?

Aliyeumia uso kazini, kisha neva ikabaki inauma, afuate tawi la CNSS la hatari za kazini, ambalo mwajiri peke yake hulichangia 1.5% ya mshahara. Ahakikishe ajali imetangazwa. Mtumishi wa serikali aulize CNSSAP, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma. Mwenye jeraha la uso kutoka Vita ya Siku 6 ya Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana Kisangani, aelekee FRIVAO, mfuko unaogawa fidia ya Uganda; katika dola milioni 325 zilizoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa tarehe 9 Februari 2022, milioni 225 ni kwa madhara ya watu. Anayebaki nje ni dereva wa toleka, yaani teksi ya baiskeli, mama wa sokoni, mvuvi wa Wagenia. Kifungu cha 49 cha Katiba na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu watu wenye ulemavu vinawapa haki ya kulindwa, lakini haviwapi pensheni ya kila mwezi. Ikiwa kipimo cha sheria ni uwezo wa kujipatia riziki, dereva aliyeupoteza anastahili kupimwa kama karani, na Bunge lina kazi hiyo bado.

Mgonjwa aanze lini kutayarisha faili?

Aanze siku ugonjwa unapotajwa jina. Atunze karatasi za mshahara zinazoonyesha makato ya 5% ya pensheni, maana ndizo zitakazomtetea mwajiri asipopeleka michango. Aulize CNSS kama namba yake ina michango iliyoandikwa, na pengo likionekana alipeleke kwa mkaguzi wa kazi angali na mkataba. Aandike kila shambulio: tarehe, saa, kilicholiamsha, kazi iliyosimama. Ile miezi 6 kabla mwajiri hajaruhusiwa kuvunja mkataba ndiyo muda bora wa kukusanya ushahidi, na anayeipitisha akingoja nafuu tu atafika dirishani na maumivu yake bila karatasi.